Karani wa Kisima cha Darsait

Jina lake sitalitaja. Nilikwishalitaja mara moja mbele ya mtu asiyestahiki kulisikia, tena nikalitaja kamili, lake na la babake na la babu yake na la kabila, na mara moja ile imenitosha umri wangu wote. Sisi tuliokaa naye Darsait, pale Maskati, tulimwita Karani, na mwenyewe akipenda kuitwa hivyo kuliko kuitwa sheikh au maalim. Akisema masheikh Oman wamejaa tele, makarani ndio wa kutafuta.

Neno lililomkera kuliko yote lilikuwa "tumekubaliana." Ukilisema mbele yake atakuuliza papo hapo, "Nani kapinga?" Ukimjibu kwamba hakuna aliyepinga, atakunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali. Siku moja jirani yetu alikuwa anaozesha binti yake, na wazee wa pande mbili wakamaliza mazungumzo yote kabla kahawa haijafika. Karani alikuwa amealikwa kwa heshima tu, hakuwa na upande.

"Nani kapinga?" akauliza.

Watu wakatazamana. Baba wa binti akacheka. "Hapana, Karani, sote radhi. Alhamdulillahi."

"Basi watu wazima kumi na moja wamekaa na hata mmoja hana neno? Rudini kesho, bwana. Kuna mtu hapa hajasikiliza."

Walimwona mkorofi, lakini kwa kumstahi wakarudi kesho yake. Kumbe usiku shangazi wa binti amekwenda kumuuliza binti mwenyewe, na binti kasema bwana anamtaka, ila kuhamia Sohar kwa mama mkwe hataki hata kwa dawa. Wakajadiliana upya mpaka adhuhuri, bwana arusi akakubali kupanga nyumba Mutrah, na ndoa ile mpaka leo ipo. Karani hakujisifu. Alisema tu kwamba neno la jana lilikuwa bichi.

Alivaa kanzu na koti jeusi juu yake, Juni na Januari, na jua la Maskati mnalijua. Alihubiri subira asubuhi na jioni lakini kahawa ilimshinda kuingoja ipoe; kila kikombe kilimuunguza ulimi, na kila akiungua akashangaa. Nyumbani kwake hakuwa na amri hata juu ya mahali pa kuweka gudulia. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na akianza kusema, Karani alikaa mkekani akitikisa kichwa. "Hapa mie mtazamaji tu," alininong'oneza siku moja. "Serikali yote iko jikoni."

Na kwenye karata alikuwa mwizi. Mtu ambaye asingeweza kubadilisha koma katika maneno ya mwenzake alikuwa akificha karata ya dume chini ya paja bila haya yoyote. Nilipomkamata aliniambia, "Kwenye karata hakuna anayeandika, mwanangu. Mahali pasipo na maandishi, kila mtu hufanya atakalo." Nilicheka siku ile. Nimeyakumbuka maneno yale mara nyingi na sikucheka tena.

Unguja alikuwa karani katika baraza la kutunga sheria. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya meza kubwa na kuandika nani kasema nini, nani kauliza, nani kapiga kura wapi. Miaka ile ya mwisho pande mbili zilikuwa karibu sawa sawa, na alizoea kutuhadithia jinsi sheria nzima ilivyoweza kuning'inia kwa sababu mjumbe mmoja ana homa au kenda msalani. Tulipokimbia mwaka wa sitini na nne kila mtu alibeba alichoweza, wengine dhahabu, wengine watoto tu. Yeye alifika mwaka mmoja baada yetu, kwa kuzungukia Mombasa na Dubai, na alichobeba ni mke na sanduku moja. Ndani ya sanduku kulikuwa na madaftari yake ya barazani na kitabu kinene kinachoeleza namna mataifa mbalimbali yanavyotunga sheria zao.

Kitabu kile ndicho kilichokuwa burudani yetu baada ya sala ya alasiri. Alitusomea habari za Uingereza, tukasinzia. Alipofika kwa Wamarekani tukaamka.

"Huko," alisema, "rais anachaguliwa mbali na baraza linachaguliwa mbali. Huweza rais akawa wa chama hiki, na baraza likashikwa na chama kile."

"Sasa nani anatawala?" niliuliza.

"Wote wawili, na hapana hata mmoja. Baraza likitunga, rais aweza kukataa kutia saini. Rais akikataa, baraza laweza kumshinda, lakini kwa kura nyingi sana, si nusu na moja. Na rais akitaka kitu, hakipati mpaka awapigie magoti."

"Basi hakuna sheria inayopita!"

"Zinapita. Chache, na zikipita zimechakaa pembe. Ile kali imepunguzwa ukali. Ile ya kijinga imekwama." Akanywa kahawa, akaungua. "Na nyingine nzuri hukwama pia, sikufichi. Huo ndio ubaya wake. Ubaya wa pili ni kwamba rais akichoka kubembeleza hutafuta njia ya uani, akapitisha jambo lake kwa amri, bila ya baraza. Kila aliyepita uani alisema ana haraka."

Nilimwona mzee anayesoma vitabu. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kuvutia maji, nna miaka ishirini na minane, na nilijiona mtu wa vitendo.

Kisima chetu tulikichimba sisi tuliotangulia kufika, nyumba saba za barasti, kuta na paa za makuti ya mtende, upande wa mlimani. Tulichimba kwa mikono yetu miezi minne, na mwamba ulitutoa damu. Mimi nilitia kapi na kamba na mfuniko wa mbao wenye kufuli. Kisha wenzetu wakazidi kufika, Karani miongoni mwao, nyumba zikawa kumi na tisa, na ugomvi wa maji ukaanza kama unavyoanza popote.

Ni Karani aliyetutengenezea utaratibu. Kutakuwa na mkubwa wa kisima, atachaguliwa na watu wote, naye atashika ufunguo. Kutakuwa na baraza la watu tisa, nalo litaweka sheria za maji. Baraza likipitisha sheria, mkubwa atie saini au akatae ndani ya siku saba kwa sababu iliyoandikwa. Akikataa, baraza likitaka kumshinda liwe na watu saba kati ya tisa. Kura zitapigwa ndani ya mtungi kwa mkono uliofunikwa kanga, kokwa ya tende ikiwa ndiyo, kijiwe ikiwa siyo. Yeye Karani ataandika kila kitu. Tulifurahi kupita kiasi. Tulikuwa watu tuliopoteza nchi, na sasa tuna dola yenye mfuniko wa mbao.

Nilichaguliwa mkubwa, kwa sababu ya lile kapi. Watu wakaanza kuniita Rais kwa mzaha, na mzaha ule ukanikaa vizuri mwilini. Baraza likachaguliwa mwezi uliofuata, na hapo waliokuja baadaye wakapata viti vitano, sisi wachimbaji vinne. Miongoni mwa wale watano alikuwamo mjane mmoja mshonaji wa kofia, ana watoto sita, mwanamke pekee barazani. Alikuwa hasemi sana. Akisema, hata wachimbaji walinyamaza.

Sheria ya kwanza waliyopitisha ilihusu zamu. Mpaka wakati ule sisi wachimbaji tulikuwa tukiteka kwanza, alfajiri, maji yakiwa safi na mengi, kisha wengine wanafuata. Wao walitaka zamu izunguke kila wiki kwa nyumba zote kumi na tisa, na maji yagawiwe kwa idadi ya watu wa nyumba. Kura tano kwa nne. Karani akaniletea karatasi nitie saini.

"Sitii," nilisema. "Andika sipendi."

"Hilo haliandikiki, mwanangu."

"Kwa nini haliandikiki?"

"Kupenda si sababu. Nipe sababu ambayo mtu asiyekupenda ataisoma akasema, hapa ana neno."

Akakaa nami pale, koti lake jeusi limelowa jasho mgongoni, akanisaidia kuandika kukataa kwangu. Alinionesha kwamba nina hoja: aliyetoa jasho la kuchimba ana haki ambayo hailingani na ya aliyefika kisima kishakwisha, na sheria haikutaja hata kidogo jasho lile. Maneno yale aliyapanga vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya waliokuja baadaye. Kila neno aliloninyooshea lilikuwa linampunguzia maji. Nilipomuuliza kwa nini ananisaidia alishangaa. "Kwani utakataa vibaya?" alisema. "Ukikataa vibaya watakutukana. Ukikataa vizuri watakujibu."

Na kweli walijibu. Watano hawakuweza kufika saba, kwa hiyo hawakunishinda; na mimi sikuwa na kura ya kuweka sheria yangu. Tukakwama. Karani akawa anakwenda na kurudi baina ya nyumba za mlimani na nyumba za bondeni na karatasi yake, anauliza, anafuta, anaandika upya. Wiki ya kwanza kila upande ulimwona mjinga. Wiki ya tatu wachimbaji wawili wakasema zamu inaweza kuzunguka, mradi jasho lao litambuliwe. Wiki ya tano mjane wa kofia akasema wachimbaji wapewe debe moja la ziada kila nyumba, kila siku, na jina la kila aliyechimba liandikwe juu ya mfuniko. Ikasomwa mara ya kwanza, ikasomwa mara ya pili. Kusomwa mara ya tatu kukawekwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, ili watu walale nayo.

Ilikuwa Agosti, maji yanashuka kila siku. Hii ndiyo sababu niliyowaambia watu baadaye, kwamba maji yalikuwa yanashuka. Lakini ukweli ni mwingine. Jumapili ile tulikuwa tumekaa kwa baba mkwe wangu, mchimbaji mwenzangu, na watu wamejaa, naye akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyu mkwe wangu rais wa ajabu! Ufunguo anao, ruhusa hana. Anangoja kina mama wa kofia wamkatie maji."

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Usiku ule nilihesabu kila jino nililoliona.

Jumanne nikashuka Mutrah. Kulikuwa na mkubwa mmoja mwenye madaraka ya mambo ya upande wetu, nami nilikuwa nikimtengenezea mashine ya shambani kwake, kwa hiyo mlango wake haukuwa mgumu kwangu. Nilimweleza kwamba kisima kina fujo, kwamba waliokichimba wanadhulumiwa, namwomba atoe neno moja kunipa nguvu. Nilidhani ataniuliza kuhusu maji.

"Nani huwaamulia mambo yenu sasa?" aliuliza.

"Kuna baraza, bwana. Watu tisa."

"Baraza?" Akaweka kikombe chini. "Nani kawachagua?"

"Watu wenyewe, kwa kokwa za tende. Mambo madogo tu, ya maji."

"Nani kawapa idhini ya kukusanyika na kupiga kura? Na nani anaandika?"

Siku zile kukusanyika lilikuwa neno zito Maskati. Nilielewa palepale nilichofanya, na mtu angedhani kuelewa kungenifunga mdomo. Nilikuwa na njia tatu au nne. Ningeweza kusema tunaandika sote. Ningeweza kusema ni mimi, rais wao. Jasho lilinitoka, na nikasikia sauti yangu inalitamka jina lake lote mpaka kabila, kisha ikaongeza, bila ya kuulizwa, "Yeye ndiye aliyeleta mambo haya kutoka Unguja, bwana, yamo ndani ya sanduku lake."

Askari wawili walikuja asubuhi ya pili. Nilikuwa juu ya paa la jirani natengeneza makuti, nikabaki hukohuko juu. Nilimwona Karani anatoka amevaa koti lake, anawaomba wangoje afunge vifungo. Askari mmoja alibeba sanduku begani. Mkewe aliwafuata mpaka mwisho wa nyumba zetu, na mara ile sikumsikia akipaza sauti. Alisema tu, "Bwana we, huyo kaja na sanduku moja tu duniani."

Alikaa huko siku tisa. Mimi nikaitwa tena na yule mkubwa, akaniambia maneno machache, nikapanda nayo Darsait na kuwatangazia watu kisimani: hakuna daftari tena, hakuna uchaguzi, na ufunguo nashika mimi. Sheria ya zamu ikafa siku tatu kabla ya kusomwa mara ya tatu. Badala yake nikatangaza ya kwangu, wachimbaji kwanza na wengine kwa watakachobakiza. Iliniwia rahisi ajabu. Niliifikiria nikinawa uso, na kabla ya chai ilikuwa sheria.

Karani aliporudi ndevu zimemjaa na sanduku hana. Madaftari na kitabu havikuonekana tena. Hakusimulia ya huko. Jioni ile alichukua debe lake, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya nyumba zote, kwa kuwa ndipo sheria yangu ilipomweka. Mtu mmoja wa mbele akamwita ampishe, mzee yule. Akakataa. "Sheria mbovu pia hutiiwa," alisema, "ila haisifiwi." Alipofika kwangu mtungi wa kapi ulikuwa unatoa matope. Nikamwaga matope yale katika debe lake.

"Ahsante, Bwana Rais," akasema.

Hakuna mzaha uliokuwamo usoni mwake. Nilitafuta, kwa sababu ningeutaka. Alikuja hivyo kila jioni kwa miaka mitatu, na kila jioni akasema vilevile, na kila jioni nikajiambia kwamba hajui ni nani aliyemtaja.

Waliokuja baadaye hawakugombana nami; walianza kuondoka. Kwanza walikwenda kuteka kisima cha Wattaya, mwendo wa saa nzima kwenda na debe kichwani kurudi. Mjane wa kofia alikwenda mara mbili kwa siku. Alikuwa akishona kwa mwangaza wa asubuhi, na asubuhi zake zikaishia njiani. Mwaka ule sikumwona na kofia hata moja mkononi. Mwisho akaona bora ahamie hukohuko Wattaya na watoto wake. Wengine wakaenda Ruwi, wengine upande wa Seeb kwenye mashamba ya Mawaleh, mmoja akarudi Dubai. Nyumba zao kumi na mbili zikabaki nne. Maji yakatutosha sana sisi wachimbaji. Baba mkwe wangu aliniita rais mbele ya watu na hakucheka mtu.

Ulipofika mwaka wa sabini, akatawala Sultani mpya na nchi ikabadilika, watu wetu walianza kurudi kutoka kila pembe, na maofisi yalitafuta kwa taa mtu anayejua kusoma, kuandika na kupanga faili. Wakamtafuta Karani. Nilisikia kwamba anafundisha vijana Mutrah namna ya kuandika kumbukumbu za kikao. Nikaona sasa yuko salama, na mimi niko salama, na sina udhuru tena. Nikaenda kwake alasiri moja. Nilikuta amekaa kibarazani na koti lake, ana daftari jipya gotini. Mkewe aliniletea kahawa, akaiweka chini, akaingia ndani bila ya kunitazama.

"Ami," nilisema, "nna neno."

"Sema, mwanangu."

"Ni mimi niliyekutaja."

Akapuliza kahawa yake, akainywa kabla haijapoa, akaungua. "Najua. Mkubwa mwenyewe alinambia siku ya kwanza. Jina langu hata babangu hajapata kulitaja vizuri kama ulivyolitaja weye."

"Ulijua! Na miaka mitatu ukasimama mwisho wa foleni?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ungoje nini? Nije nikuombe radhi?"

"Radhi ya nini? Nilikuwa nangoja uliite baraza." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Siku wanayonitoa, yule mkubwa alinisomea amri. Hapana daftari, hapana uchaguzi. Kisha akasema, ufunguo ashike yule fundi mpaka mtakapopatana wenyewe. Hivyo ndivyo alivyonambia. Weye alikwambiaje?"

Aliniambia hivyohivyo. Mpaka mtakapopatana wenyewe. Niliyasikia maneno yale kwa masikio yangu, na baina ya Mutrah na Darsait niliyaacha njiani. Hakuna serikali iliyowanyima watu wale maji. Wangekaa watu tisa mkekani, bila ya daftari na bila ya mtungi, wakasema ndiyo kwa midomo yao, sheria ilikuwa tayari, imebaki kusomwa mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeona raha ya kutoulizwa.

Nilianza kulia, mtu mzima na masharubu. Nikamwomba anisamehe.

"Langu mie nshakusamehe," alisema. "La sanduku liache, ni makaratasi. Lakini hukunikosea peke yangu. Wako watu tisa ulioziba midomo yao, na mie sina mamlaka ya kusamehe kwa niaba yao. Karani hana kura."

"Nifanye nini, Ami?"

"Wako hai wote. Nenda kwa mmoja mmoja, umwambie amri ilisemaje na weye ulisemaje. Kisha kila mtu atajibu analojibu."

Nikaahidi. Wachimbaji wanne walikuwa rahisi, jirani zangu. Nilimaliza kwa siku mbili, na wao wakaniambia yamekwisha, mambo ya zamani. Kila Ijumaa baada ya sala Karani alinisubiri nje ya msikiti, akaniuliza, "Wangapi?" Nikasema wanne. Ijumaa ya pili, wanne. Ijumaa ya tatu, wanne. Hakunilaumu. Alisema walio rahisi huwa wa kwanza, na waliobaki, inshallah.

Wiki ya nne nikachukua gari ya kazini, nikaenda Wattaya. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Mjane wa kofia alikuwa amekaa mlangoni kwake, miwani puani, anashona. Alizeeka. Nikasimamisha gari mbele yake kabisa, nikashuka, nikamsalimu, naye akaitikia kwa furaha, akaniita kwa jina langu na kuniuliza mke na watoto mmoja mmoja.

"Kwema lakini?" akauliza. "Gari imeharibika?"

"Eeh," nilisema. "Imechemka."

Nikafungua boneti, mimi fundi, nikainama juu ya injini isiyokuwa na kasoro, nikagusa mpira huu na mpira ule. Nilimsikia anainuka, anaingia ndani, anatoka. Alikuwa ameleta ndoo nzima ya maji ya kutia kwenye gari, na gilasi ya baridi yangu mimi.

"Kunywa kwanza," alisema. "Jua hili litakuua."

Nikanywa. Nikamimina maji yake mazuri katika gari isiyoyahitaji, nikamshukuru, nikaondoka.

Ijumaa Karani alikuwa palepale nje ya msikiti, kwapani ana lile daftari jipya.

"Haya, Bwana Rais. Wangapi?"

"Watano," nilisema.

Akafurahi mpaka macho yakamlowa. Akafungua daftari, akaliegemeza ukutani, akaandika.